Naomba ushauri: ampu nyepesi ya besi ya kubebeka kwa boda

Wadau, napiga gitaa la besi kwenye bendi ya rumba na benga hapa Kisumu. Mara tuko Dunga, mara harusi Ahero, mara matanga Bondo. Ampu yangu ina spika ya inchi 15 na transfoma ya kizamani. Mtu wa boda akiiona anakutajia nauli ya watu wawili.

Nimeitamani Fender Rumble 500: kilo 16 na ushee, spika 2 za inchi 10. Ila peke yake inatoa wati 350. Hizo 500 mpaka uongeze kabati (sanduku la spika) la pili. Sasa wepesi uko wapi? Njia nyingine ni kichwa (ampu isiyo na spika) cha daraja D, yaani saketi nyepesi, kinachoingia kwenye begi, na kabati moja la spika za neodimiamu, zenye sumaku nyepesi. Kubeba DI pekee (kisanduku cha kuchomeka besi moja kwa moja kwenye spika za ukumbini) naogopa: matanga ya kijijini mara nyingi hayana spika za kuhimili besi. (Mpiga drams wetu naye hana huruma.)

Mnaopiga nje, uwanjani, wati ngapi zinawatosha? Na kichwa cha daraja D kikiungua kwa umeme wa jenereta unaopanda na kushuka, kuna fundi Kisumu au Nakuru anayekigusa?