Presha ya Watibeti: tulaumu mwinuko au chumvi ya kwenye chai?

Mwanzisha mada
Wakuu, watu wengi wanaamini Mtibeti ameumbiwa milima, basi moyo wake hauna shida. Nusu ni kweli. Lhasa, mji mkuu wa Tibet, iko kama mita 3,650 juu ya usawa wa bahari. Mgeni akifika anahema na kichwa kinamgonga. Wenyeji wengi wana aina yao ya jeni ya EPAS1, iliyobainishwa mwaka 2010, inayozuia chembe nyekundu kuzidi, hivyo damu haiwi nzito. (Wanasema imerithiwa kwa Wadenisova, binadamu wa kale waliotoweka. Hiyo ni mada nyingine.)

Ila presha imejaa huko, hasa kwa watu wazima. Mimi naishuku chai. Inachemshwa hadi inakolea, inapigwa pamoja na siagi na chumvi kwenye pipa refu jembamba la mbao, na bakuli la mgeni haliachwi likauke. Hivyo kutwa nzima. Je, madaktari waivalie njuga?

Mpanda Mlima
Mkuu, unawaonea. Chai hiyo na unga wa shayiri ya kukaanga ndivyo vimewavusha baridi karne na karne. Oksijeni ikipungua presha yenyewe hupanda. Kilichobadilika ni maisha: wafugaji wengi wa yaki (ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani) wamehamishiwa makazi ya kudumu, hawatembei tena, wanakula vya dukani. Vitambi na kisukari vinaanzia hapo, si kwenye bakuli la bibi.

Mwanzisha mada
Kwa vitambi na kisukari nakuunga mkono. Kwa presha, hapana. Wilayani Damxung, huko huko Tibet, kama mita 4,300, wagonjwa wa presha waligawanywa: wengine wakapewa chumvi yenye sodiamu kidogo na potasiamu nyingi, wengine ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2014. Baada ya miezi mitatu, namba ya juu ya presha kwa wale wa kwanza ilikuwa imeshuka kwa takriban 8 zaidi ya wenzao. Mlima haukushuka hata mita moja, na chai waliendelea kunywa.

Nesi wa Zamu
Basi msiwanyang'anye chai, badilisheni chumvi. Lakini isigawiwe kiholela: mwenye figo mbovu potasiamu humlundikia mwilini, na moyo unaweza kusimama. Apimwe kwanza. Halafu chumvi ya namna hiyo kwa kawaida ni ghali kuliko ile ya dukani. Mradi ukifunga virago, tofauti ya bei anailipa nani?