Mnaojiita wachambuzi wa filamu wa Kikristo acheni kutulisha matango pori, angalieni muvi kwanza ndio muongee

Wakuu habari za jioni. Mods naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la dini, ni habari ya muvi na nataka watu wa muvi wausome.

Mimi ni Mkristo, naipenda imani yangu na napenda muvi, na sijawahi kuona hivyo viwili vinagombana wapi. Nyumbani nina watoto, kanisani nina vijana ambao kila wikiendi wananiuliza kaka hii tunaweza kuangalia? Siwezi kuangalia kila kinachotoka, kwa hiyo nafuatilia hizi kurasa na chaneli za Kiswahili za wanaosema wanachambua filamu kwa jicho la Kikristo. Zipo kibao sasa hivi, YouTube, Instagram, magrupu ya WhatsApp, nyingi tu ziko hapahapa Dar. Na nimechoka nazo. Wengi wao hawaangalii hizo muvi jamani! Wanaangalia trela, wanapitia komenti za watu, wanachukua posta wanazungushia duara jekundu kwenye jicho la muigizaji halafu wanaandika FREEMASON HAO LINDA WATOTO WAKO. Basi, uchambuzi umeisha, sabskraibu.

Juzi kati ukurasa mmoja, jina siutaji, uliibua muvi ya zamani kidogo ya Martin Scorsese inaitwa Silence, ya 2016. Wakaandika eti Hollywood inawafundisha Wakristo kumkana Yesu, na watu wakajaa chini, amina mtumishi, asante kwa kutufungua macho. Sasa hiyo muvi mimi nimeiangalia na nimeirudia. Ni habari ya mapadre wawili Wajesuiti (shirika la mapadre wa Kikatoliki) kutoka Ureno wanaingia Japani kwa siri miaka ya 1600 huko, wakati watawala wa kule wanawawinda Wakristo, wanamtafuta mwalimu wao ambaye inasemekana ameikana imani. Wanavijiji wanakamatwa, wanafungwa kwenye misalaba baharini, maji yanajaa yanawapiga mpaka wanakufa, na mmoja anakufa anaimba. Baadaye padre kijana anakamatwa, na mateso wanapewa waumini, wananing'inizwa vichwa chini juu ya mashimo, halafu yeye anaambiwa kanyaga tu hii sanamu ya Kristo tuwashushe. Anakanyaga. Anaishi na hilo jambo maisha yake yote. Ila ukikaa mpaka mwisho kabisa, ameshakufa mzee, wanamchoma kwa desturi ya Kibudha, kamera inaingia ndani ya jeneza inakuonyesha viganjani mwake kuna msalaba mdogo wa mti, ule aliopewa na yule mwanakijiji aliyekufa baharini.

Samahani kwa ambao hamjaiona nimewamwagia mwisho, ila ilibidi. Mtu aliyeuona huo msalaba hawezi kuandika vile. Anaweza kuikataa muvi, anaweza kusema padre alikosea kukanyaga, hata mimi kuna mahali nabishana nayo mpaka leo, na hadithi yenyewe imetoka kwenye riwaya ya Shusaku Endo ambaye alikuwa Mkatoliki na naye alikuwa anahangaika na swali hilohilo. Lakini ule msalaba lazima ungetajwa. Haukutajwa kwa sababu muvi inaenda masaa mawili na dakika arobaini na mtumishi hakukaa. Nikauliza kwa heshima zote kwenye komenti, mtumishi hii umeiangalia mpaka mwisho? Nikajibiwa hiyo ni roho ya upinzani, halafu nikala bloku.

Upande wa pili ndio unaniuma zaidi maana unagusa watoto. Watu haohao, muvi ikishakuwa na Yesu ndani basi imepita, hawasemi kilichomo. The Passion of the Christ ya Mel Gibson, ya 2004, kule Marekani ilipewa alama ya R, yaani mtoto wa chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mtu mzima wa kumsimamia, na alama hiyo ilipewa kwa ajili ya damu na kipigo. Huku kwetu kila Kwaresima inapostiwa kama filamu ya familia nzima. Ijumaa Kuu mwaka huu kanisa moja huku Mbagala wakafunga projekta ukumbini, shuka limetundikwa ukutani, watoto wa Sunday school wamekaa mbele kabisa kwenye mkeka. Ikafika sehemu ya mijeledi. Walioiona wanajua, haiishi haraka ile, mjeledi una vyuma vinanasa kwenye ngozi halafu vinavutwa. Mbele yangu kulikuwa na kabinti ka kama miaka sita, kamejiziba masikio, siyo macho, masikio, macho kameyakodoa tu kwenye shuka na mabega yanatetemeka, na mwalimu ameinama anakaambia angalia, ona Yesu alivyokupenda. Nilikashika mkono nikatoka nako nje, na wengine wanne watano wakatufuata bila kuitwa. Yule mwalimu sina ugomvi naye, aliniambia mwenyewe alisoma kwenye ukurasa fulani kwamba inafaa kwa rika zote.

Muvi naiheshimu sana, watu wazima waione. Lakini kazi ya kwanza ya mchambuzi ni kumwambia mzazi kilichomo ndani, na hiyo kazi hawaifanyi, halafu wanajiita walinzi wa familia.

Kuna na hawa wa kuhesabu. Matusi 14, busu 2, pombe ipo, HAIFAI. Hesabu yenyewe wanainyofoa kwenye Plugged In, tovuti ya kuchambua filamu ya wale Focus on the Family, shirika la Kikristo la Marekani, wanaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, na wanakata sehemu ya mazuri ya muvi ambayo wale wenzao wanaiweka pale juu kabisa. Kwa mtindo huo muvi ya Hacksaw Ridge utaitupa, maana imejaa utumbo na miguu iliyokatika, wakati ni habari ya kweli ya Msabato, Desmond Doss, aliyekataa kushika bunduki akaenda vitani Okinawa 1945 akashusha majeruhi kama 75 kutoka kwenye jabali mmoja mmoja huku anaomba Mungu amuongezee mwingine. Na kitabu cha Waamuzi utakifanyaje kwa hesabu hiyo? Sura ya 19, ile ya ubakaji na mauaji, msomeeni mtu kama mnaweza. Kuonyesha dhambi na kuisifia dhambi ni vitu viwili, na anayeshindwa kuvitofautisha asishike kalamu ya uchambuzi. Paulo kule Athene alizunguka akaangalia madhabahu zao kwanza, akawanukulia mpaka washairi wao wenyewe, iko Matendo 17. Alikuwa amewasoma!

Muvi za injili za hapa nyumbani sitaongea sana maana nitatukana. Sauti inavuma, maiki inaonekana juu ya kichwa cha mchungaji, mgonjwa anaombewa dakika ya mwisho anapona na mume aliyekimbia anarudi palepale, na mchambuzi anaandika nimelia kutoka mwanzo mpaka mwisho, kumbe kalipwa na prodyuza. Watu wametoa hela zao za daladala wamekwenda ukumbini kwa neno lake.

Na ile habari ya muvi inayomuonyesha Yesu ni shoga, eti inakaribia kutoka, weka jina lako kwenye orodha utume kwa watu kumi? Mwezi uliopita imenifikia tena kupitia chaneli ya hawahawa wenye "habari za filamu". Huo ujumbe ulikuwa unazunguka Marekani tangu miaka ya 80 kwa barua za karatasi, watu wakaziandikia ofisi za serikali kupinga muvi ambayo haikuwepo. Leo mnawapa mama zetu huko kwenye jumuiya washindwe kulala kwa ajili yake. Uongo ni uongo hata ukimalizia na mstari wa Biblia!

Huku kwetu mtoto akitoka shule kibanda umiza, yaani banda la kuonyesha video, kiko hapo nyuma ya nyumba, akiwa na jero anaangalia chochote kinachowekwa. Mzazi anahitaji mtu wa kumuamini, ndio maana nina hasira.

Sasa nauliza, nani anamjua mchambuzi wa Kiswahili, Mkristo, anayeangalia muvi nzima halafu anasema kilichomo na kinafaa umri gani? Wekeni jina la chaneli hapa chini nikawape vijana wangu. Na kama wewe ni admini wa moja ya hizo kurasa na umenitambua, unajua ulinibloku wapi, njoo unijibu hapa: Silence uliiangalia au hukuiangalia?