Naomba ushauri: nitajuaje kama sababu ya bei kupanda ni ya kweli au ni kisingizio?

Ndugu zangu, ninaendesha kibanda cha chakula Dar es Salaam, na kila ninapolalamikia bei ya mafuta ya kula na unga wa ngano, wanaonizidi elimu hunijibu kwamba vita vya Ukraine vya Februari 2022 vilivuruga soko la ngano na alizeti. Hilo ninalikubali. Kinachonikwaza ni kwamba sababu ya bei kupanda hufika dukani siku hiyohiyo, ilhali sababu ya kushuka haifiki kabisa. Nikiambiwa mfumuko wa bei uko ndani ya lengo la Benki Kuu, yaani asilimia 3 hadi 5, ninaelewa (nakiri nilichelewa kuelewa) kwamba bei bado zinapanda, ila polepole. Tena kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yaani orodha ya bidhaa na huduma zinazotumika kupima mfumuko huo, lina pia mavazi, kodi ya nyumba na nauli, wakati langu limejaa unga, maharage na mafuta. Je, nitumie kipimo gani kupanga bei ya sahani bila kuwakimbiza wateja, na nimuulize nini msambazaji wangu ili nitofautishe gharama halisi na kisingizio?