Naomba ushauri: kati ya programu za kuandikia msimbo, nianze na Vim au Emacs?

Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Niko Tanga, Ngamiani, najifunza kuandika programu. Jioni tunakaa barazani watatu, kahawa na kashata, na ubishi ni uleule: Vim au Emacs. Utadhani Coastal Union na African Sports!

Wa Vim anataka mikono isitoke kwenye kibodi, kishale nikiendeshe kwa h, j, k, l. Sawa, lakini siku ya kwanza nilishindwa hata kutoka humo, nikaizima laptopu kwa kitufe. Kumbe ni Esc halafu :q! tu. Nilichekwa wiki nzima. (Ila nimeipendea jambo moja: inawaomba watumiaji wachangie watoto wa Uganda.)

Wa Emacs anajisifu yake ipo tangu 1976, na hata barua pepe anasomea humohumo. Mimi kidole cha mwisho kimeshaanza kuuma kwa kubonyeza Ctrl.

Laptopu yangu ina memori ya GB 2, kazi zangu ni za lugha ya programu ya Python. Nishike ipi kwanza? Na aliyewahi kuhama, mikono ilizoea baada ya muda gani? Tafadhali msinitajie Notepad, nitafukuzwa barazani.