Rhodococcus equi sugu: kwa nini hata klindamaisini haifanyi kazi?

Mwanafunzi wa tiba ya wanyama

Habari zenu wataalamu. Nimepitia majibu ya maabara ya mtoto wa farasi mwenye nimonia na majipu mapafuni. Bakteria waliooteshwa ni Rhodococcus equi, na ni sugu kwa erithromaisini, azithromaisini, klarithromaisini na rifampisini. Hilo halinishangazi, kwa kuwa ndizo dawa zinazotumika kutibu ugonjwa huu. Kinachonitatiza ni kwamba ni sugu pia kwa klindamaisini, ambayo farasi hapewi kwa sababu huweza kumletea uvimbe hatari wa utumbo mpana. Wamepataje usugu dhidi ya dawa wasiyowahi kukutana nayo? Je, ni jeni moja iliyofanya yote haya?

Mtafiti wa vinasaba

Ndugu, katika bakteria huyu jeni ya kushukiwa kwanza ni erm(46). Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachobandika methili (kikundi kidogo cha kemikali) kwenye adenini (mojawapo ya herufi za RNA) moja tu ya RNA ya ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, ile ya nafasi ya 2058 kwa hesabu ya Escherichia coli. Makrolidi (kundi la erithromaisini, azithromaisini na klarithromaisini), linkosamidi (kundi la klindamaisini) na streptogramini B (kundi jingine la antibiotiki) zina maumbo tofauti, lakini zote hunasa mahali hapo hapo, hivyo adenini ikishabandikwa methili zote hukosa pa kushika. Kwa maneno mengine, klindamaisini imeshindwa kwa sababu ya azithromaisini na wenzake.

Rifampisini ni suala la pembeni kabisa. Usugu wake hutokana na badiliko dogo katika jeni rpoB, inayotengeneza sehemu ya kimeng'enya ambacho rifampisini hukilenga, kwa mfano asidi amino serini ya nafasi ya 531 inapogeuka kuwa fenilalanini, na badiliko hilo hurithiwa na wazao wa bakteria huyo. Erm(46), kinyume chake, husafiri. Imo ndani ya transposoni (kipande cha DNA kinachoweza kuhama) iliyobebwa na plasmidi (duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu) iitwayo pRErm46, ambayo bakteria mmoja humpa mwenzake wanapogusana. Transposoni hiyo huweza pia kuhamia kwenye kromosomu, na hapo hata plasmidi ikipotea, usugu unabaki.

Mwanafunzi wa tiba ya wanyama

Nashukuru sana. Lakini tulifundishwa kwamba makrolidi huchanganywa na rifampisini ili kuzuia usugu. Mbona haikusaidia?

Daktari wa farasi

Mlichofundishwa kina mantiki pale ambapo usugu wa kila dawa unategemea badiliko la bahati. Bakteria anayebadilika na kuishinda rifampisini ni nadra sana, na anayepata mabadiliko mawili kwa pamoja ni nadra zaidi. Tatizo ni kwamba erm(46) haisubiri bahati ya namna hiyo. Inakuja ikiwa kamili. Bakteria aliyeipokea anakabiliana na rifampisini peke yake, na hapo badiliko moja la rpoB linamtosha. Ndivyo ilivyo kwa kloni 2287 (ukoo wa bakteria waliotokana na mzazi mmoja), ambayo imeenea katika mashamba ya farasi ya Marekani tangu miaka ya 2000 ikiwa na usugu wote wawili, na baadaye ikaonekana nje ya nchi hiyo.

Kilichoipa nafasi kloni hiyo, kwa maoni yangu, ni desturi ya kuwapima watoto wa farasi mapafu kwa ultrasaundi na kuwapa dawa wote wenye vijipu vidogo, hata wasio na homa wala kikohozi, ingawa wengi wao hupona bila dawa. Dawa hizo hutoka na kinyesi na kuingia kwenye udongo, ambao ndio makazi ya Rhodococcus equi, kwa hiyo bakteria sugu ndio wanaosalia na kuongezeka hata nje ya mwili wa mnyama. Ningependa sana tuwaachie dawa hizi wagonjwa wa kweli.

Mtafiti wa vinasaba

Naunga mkono, na ninaongeza tahadhari moja kwa anayefikiria kukimbilia doksisaiklini: plasmidi hiyo hiyo hubeba pia jeni ya usugu dhidi ya tetrasaiklini, kundi la doksisaiklini. Iombeni maabara ipime doksisaiklini na kutafuta erm(46) kwa PCR (kipimo kinachonakili DNA ili kuigundua) kabla ya kubadilisha tiba.