Miwaridi yangu inadhoofu hapa Shangani: niing'oe au bado inaokoleka?

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Ndugu zangu, habari za leo. Nina miwaridi mitatu niliyoipanda kando ya ukuta wa nyumba miaka minne iliyopita. Tangu mvua zilipokatika, majani machanga yanatoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, yale makubwa yanaungua kingoni, na matawi yanakauka kuanzia nchani. Namwagilia kila jioni maji ya kisima, ambayo yana chumvi kidogo. Jirani ananishauri niipulizie salfa iliyombakia kwenye mikorosho. Je, nifuate ushauri wake?

Mstaafu wa Mikindani

Kwanza kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, tawi lingali hai. Ama salfa, sisi watu wa korosho tunaiona kuwa dawa ya kila kitu, lakini kazi yake ni kuzuia ubwiriunga, yaani ukungu unaoshambulia mikorosho. Waridi nalo hupata ukungu wa namna hiyo, ila dalili yake ni unga mweupe juu ya majani, nawe hukuutaja. Ukiipulizia kwenye jua kali, itaunguza hata majani yaliyosalia.

Kwa maelezo yako, ninashuku udongo na maji. Jani changa kuwa manjano huku mishipa ikiwa ya kijani ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Waridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 6 hadi 6.5, ilhali ardhi yenye mawe ya matumbawe na chokaa inayodondoka ukutani huifanya mizizi ishindwe kuchukua chuma hata kama kimo tele. Kingo kuungua, hiyo ni chumvi. Ihamishe mbali na ukuta, na utumie maji yasiyo na chumvi, mengi kwa mara moja, ili yaisukume chumvi chini ya mizizi. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni huirundika.

Mama Bustani, Lindi

Naafikiana na mzee wangu, isipokuwa kuihamisha sasa, kwa kuwa mmea dhaifu ukikatwa mizizi katikati ya kiangazi haufiki mbali. Ni heri kusubiri mvua za Desemba. Kwa sasa kata matawi makavu tu, mpaka ufikie kiini cheupe, kisha weka samadi iliyooza vizuri na utandaze nyasi kavu, ukiacha nafasi ya shubiri moja kuzunguka shina kwa sababu ya mchwa. Tafadhali usiweke jivu la jikoni. Mimi nililimwaga kwa miezi mingi nikidhani ni mbolea, kumbe jivu huzidisha tatizo lile lile la chokaa.

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Ahsanteni sana, mzee wangu na dada yangu. Jivu nami nimekuwa nikilimwaga kila Jumamosi. Nimekwaruza yote mitatu: miwili ina kijani, na ule ulio karibu zaidi na ukuta umekauka mpaka chini. Huo nitaung'oa kesho.