Naomba ushauri: kubadili kolsaini kwenye bodi ya Morse ya ripita

Habari zenu wakuu. Klabu yetu ya redio ya ridhaa huku Marekani imepewa ripita ya zamani (mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena), kolsaini (herufi na namba za kutambulisha kituo) iko kwenye chipu ya kumbukumbu ya EPROM 2716 na bado inapiga ya wenyewe wa mwanzo, wakati sheria inataka tujitambulishe kwa yetu angalau kila dakika 10. Data nimeisoma, nukta ni biti moja, dashi biti tatu, hapo sina shida (kuzihesabu kwa macho ndo balaa). Kimbembe ni kuchoma, yaani kuandika data mpya kwenye chipu: 2716 inataka volti 25 na programa yangu (kifaa cha kuchomea) inaishia 18. Je, nikichomeka 28C16 (EEPROM, chipu inayoandikwa bila volti kubwa) soketi ileile itasomeka, maana pini 21, ambayo kwenye 28C16 ndiyo ya kuamuru kuandika, kwenye bodi ina volti 5 muda wote? Au nitafute programa ya kizamani tu?